Mwalimu Tumaini na Kitanda cha Taa

Usiku ule usingizi ulinikataa kwa sababu ya ahadi ya Rehema, binti wa shangazi anayenilea hapa Arusha. Rehema anafanya kazi kwenye saluni ya hoteli, na huko kuna kitanda cha taa ambacho wageni weupe hujilaza juu yake ili ngozi igeuke kahawia. Mimi nina ualbino, na miaka kumi na tisa. Tangu utotoni nimetamani kupita sokoni, walau siku moja, bila mtu kugeuka kunitazama.

"Kesho twende wote mapema, kabla meneja hajafika," alikuwa ameninong'oneza. "Dakika ishirini tu, unatoka na rangi kama yangu."

Nilipopitiwa na usingizi, nikajikuta darasa la nne. Mwalimu Tumaini anaandika ubaoni. Yeye naye alikuwa na ualbino. Ndiye aliyenizoesha kofia na nguo za mikono mirefu. Alikufa kwa saratani ya ngozi nikiwa sekondari, hata miaka arobaini hajafikisha. Najua amekufa, nilimzika, lakini nasimama na wenzangu: "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Kukaa siwezi, dawati linachoma. Natazama juu, hakuna bati. Kuna mirija mirefu ya taa, ya buluu, inavuma kama nyuki. Wenzangu hawapo tena. Mwalimu anafungua daftari la mahudhurio, anaita majina: Juma, Sara, Eliya. Wote nilikutana nao kliniki ya ngozi, wote wamekwisha zikwa. Shingoni ana bandeji iliyolowa. Namkumbuka bibi akitukataza kumwitikia marehemu, nami najua jina langu linakaribia.

"Neema Daudi."

Jasho linanitiririka.

"Neema Daudi!"

Ulimi unataka kusema nipo. Nauuma. Anafunga daftari, kwa mara ya kwanza anatabasamu.

"Vizuri. Usiitike."

Mara tuko saluni, sijui tumepitia wapi. Kitanda kiko wazi, kioo chake kinawaka. Mwalimu anapitisha mkono juu yake, anauondoa haraka.

"Ngozi yetu haibadiliki rangi, mwanangu. Inaungua tu."

Nataka kumwambia ni dakika ishirini. Lakini amekwisha nisogelea, anachungulia nyuma ya sikio langu.

"Na hiki kidonda kina muda gani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Miezi mitatu nilikuwa nakifunika kwa mtandio.

"Kitapona," nasema.

"Hata mimi nilisema hivyo."

Nikashtuka nimeketi kitandani, shuka limenisokota miguu. Kumekucha. Nikajitanda mtandio, nikatoka. Uani shangazi alikuwa anapuliza jiko, na Rehema anafunga viatu.

"Rehema, siendi," nikasema. "Na wewe usimlaze pale msichana yeyote, awe mzungu awe nani. Zile taa zinaleta saratani."

"Nani kakuambia?"

Nilivua mtandio, nikamwonyesha shangazi nyuma ya sikio. Akakigusa kile kidonda pembeni kwa ncha ya kidole.

"Mwanangu, mbona ulinificha?"

"Niliogopa, shangazi."

"Vaa twende hospitali. Chai tutakunywa tukirudi."

Daktari alikikata kidonda wiki ileile. Ilikuwa saratani, ndiyo kwanza inaanza. "Umewahi," aliniambia. Shangazi akajifunika uso kwa kanga, akalia mbele ya wagonjwa wote.