Punje Moja Ndani ya Mkebe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale maabara ya mifugo Kitale, sikupewa koti jeupe wala kiti. Nilipewa mkebe mtupu wa tumbaku na konzi ya mahindi makavu. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, nami nilikuwa nimetoka shule nikijiona msomi. Daktari wa Mifugo, Mzungu mrefu aliyeongea Kiswahili cha mashambani, akaniambia, "Wewe hesabu chembe ya damu kumi, tupa punje moja ndani ya mkebe. Kichwa yako nasahau. Mkebe hapana sahau."

Nilinuna. Ati mimi nihesabu kwa mahindi kama mtoto! Lakini yule mtu alijua kazi yake, na hilo simnyimi.

Nyinyi wa siku hizi mnabonyeza kitufe tu, kwa hiyo sikilizeni. Tulivuta damu kwa mdomo kwenye kimrija chembamba cha kioo hadi alama, tukaichanganya na maji yenye asidi kama ya siki. Asidi inapasua chembe nyekundu, zinabaki nyeupe, zile zinazopigana na magonjwa. Tone moja unaliweka kwenye kioo chenye mistari, unalitazama kwa hadubini, unahesabu vyumba vinne vya pembeni. Ndama mzima alinipa punje kumi na tano, hata ishirini. Ndama mwenye ndigana, homa inayoletwa na kupe, alishuka mpaka tano, na sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilishusha vivyo hivyo. Nikisema, "Bwana, ni tano," Daktari wa Mifugo hakuuliza mara mbili. Alichukua kofia yake akaenda shambani kumtenga mnyama.

Baadaye nilihamishiwa hospitali moja upande wa Bungoma. Jina lake sitalitaja, wenyewe wanajijua. Nilienda na mkebe wangu. Damu ya watu nayo ina mambo yake: homa ya matumbo hupunguza chembe nyeupe, bandama iliyovimba kwa malaria ya muda mrefu huzimeza, njaa nayo huzizuia kutengenezwa. Halafu kuna dawa. Dawa nyingine huingia hadi kwenye uboho wa mifupa, kule chembe zinakozaliwa, na uzazi huo unakoma. Hilo nililisoma katika kitabu cha Daktari Mkuu wa hospitali mwenyewe, naye Mzungu, alichokuwa amekiacha maabara kizuie dirisha lisijifunge. Mpaka leo nikikumbuka kile kitabu pale dirishani, nachemka.

Dada yangu Nasimiyu, mkubwa wangu, alikuja kutoka Bumula na kidonda cha mguu. Wakamlaza, wakampa vidonge vya salfa, dawa iliyosifiwa na kila mtu wakati ule, na kweli ilikuwa imeokoa wengi. Kidonda kikaanza kufunga. Wiki ya tatu akashikwa na homa, koo likajaa vidonda, hata uji ukawa haushuki. Daktari Mkuu akapita wodini akaamuru salfa iongezwe.

"Si ni homa tu, mdogo wangu," Nasimiyu aliniambia, sauti ikikwaruza. "Hawa wanajua kazi yao. Wacha ninywe."

Nilimtoboa kidole mwenyewe, nikaenda kuhesabu vyumba vyote vinne. Punje moja ikalia ndani ya mkebe, kisha chembe mbili zaidi, basi. Chembe kumi na mbili, mahali ambapo mtu mwenye afya hunipa mia na sitini! Hata ng'ombe wa Kitale waliokuwa wakifa hawakuwahi kunipa hesabu kama ile.

Nilikimbia ofisini. "Bwana Daktari, chembe nyeupe zimeisha. Kitabu kinasema salfa inaweza kufanya hivyo. Tafadhali isimamishwe."

Hakuinua macho. "Wewe nasoma kitabu yangu? Wewe nahesabu na mahindi, kama kuku. Rudi, hesabu tena."

Nikarudi, nikahesabu. Punje moja. Nikampelekea. "Tena," akasema. Kesho yake nikamtoboa Nasimiyu kidole kingine, nikahesabu mara ya tatu, na punje ilikuwa moja, peke yake. Dresa wa wodi, yule mfunga vidonda aliyegawa dawa, nilimsihi apunguze vidonge, akanijibu, "Bana, mimi nafuata kile kimeandikwa kwa karatasi." Siku ya tatu asubuhi, nikiwa nasafisha kimrija kwa hesabu ya nne, nikaitwa. Nasimiyu alikuwa amekufa. Aliacha watoto wanne. Kwenye karatasi yake Daktari Mkuu aliandika neno moja: homa. Homa! Kana kwamba ilijileta yenyewe.

Hamjasikia bado. Haukupita mwezi, ng'ombe wa maziwa wa Daktari Mkuu, aliyefugwa nyuma ya nyumba yake, akaacha kula. Aliniletea damu kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu alijua nilitoka kwa mifugo. Nikahesabu. Punje nne.

"Nne?" akasema. "Basi hii ni ndigana." Akatuma gari Kitale siku hiyohiyo kumleta Daktari wa Mifugo.

Nilisimama mlangoni. "Bwana, si nihesabu tena? Si nimehesabu na mahindi?"

Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya kunirudisha Kitale.

Nilifanya kazi huko mpaka nikastaafu. Waliniaga kwa chai na hotuba, na msimamizi wa maabara akasifu utii wangu. Utii! Nusura nimwage chai. Yule Daktari Mkuu nimemchukia miaka yote hii, na bado namchukia, sitawadanganya. Wajukuu zangu wananiambia nisamehe, yamepita. Yamepita kwa nani? Watoto wa Nasimiyu wamezeeka bila mama.

Lakini yuko mwingine ninayemkasirikia, na huyo nalala naye kitanda kimoja. Kutoka maabara hadi kitanda cha dada yangu zilikuwa hatua ishirini. Vidonge aliletewa mkononi, akavimeza mwenyewe, kwa shida, na maneno yangu angeyaamini kuliko ya daktari yeyote. Sikuhitaji ruhusa ya mtu kumwambia, "Dada, usimeze." Siku zote tatu sikumwambia. Nilikuwa maabara, nahesabu tena.