Kumi za Pui-lan

Mtaa wa Sham Shui Po una watu wenye macho, na macho yenyewe hayana adabu. Ukitoka na upindo uliofumuka, muuza vitambaa wa kwanza atauona, na ukifika kwa wa kumi utakuta habari zimekutangulia. Suk-ching alikuwa mmoja wa hao wenye macho. Aliuza vifungo miaka thelathini na mmoja, katika duka lililo chini ya ghorofa yake mwenyewe, na mteja akiingia tu alishajua kavaa kitambaa gani, na kama pasi kaipiga mwenyewe au kamwachia mama yake.

Lakini naye alipatikana. Machi moja, zamani hizo bado kijana, upepo wa kusini uliingia, kuta zikatoka jasho, sakafu ikateleza. Suk-ching akafungua kabati. Alikuwa na nguo zaidi ya sitini, nyingi akizitunzia harusi na sikukuu ambazo hazikuja. Arobaini zilikuwa zimeota kuvu, hata gauni la hariri ambalo hakuwahi kulivaa siku moja. Alilia, tena kwa sauti.

Aliyecheka ni mdogo wake, Pui-lan, ambaye mwaka huo alikuwa amefiwa na mume na kuhamia kwake na mtoto mchanga.

"Dada, umelia kuliko nilivyolia mimi msibani."

"Mume wako hakuwa wa hariri," Suk-ching akamjibu huku anapenga kamasi.

Siku hiyo Suk-ching akaweka sheria. Kabati moja, nguo ishirini na nne, basi. Kumi zake yeye, za rangi nzito: nyeusi, kijivu, buluu iliyokolea. Kumi za Pui-lan, mpenda rangi za kupiga kelele. Nne za wote wawili, yaani makoti mepesi, maana nje mtu anachemka lakini ndani ya treni na maofisini baridi inang'ata mifupa. Kitambaa kisichopitisha hewa hakikuingia humo. Kila nguo ilipaswa kuvalika na nyingine tatu, ama sivyo ibaki dukani. Ikija mpya, moja ya zamani inatoka, na hapo wangebishana wiki nzima itoke ya nani. Tena kila nguo ivaliwe angalau mara moja ndani ya siku kumi. Katika mji ule nguo isiyopata mwili haikawii kuota kuvu, hata mashine ya kukausha hewa ikinguruma mchana kutwa.

Hivyo ndivyo walivyoishi, wawili hao, kwa nguo chache, na mtaa mzima ukiwasifu kwa kupendeza.

Sasa Aprili hii, yule mtoto mchanga, ambaye leo ni mhandisi huko Kanada, akampigia simu mama yake. Mkewe kajifungua, mama aje akae nao. Pui-lan akakubali. Suk-ching akasema, "Vizuri," kisha akaenda kusugua sufuria ambazo zilikuwa safi. Hakuuliza mdogo wake atarudi lini. Aliliogopa jibu, na ndicho kisa cha kujitia ana kazi nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa kumfungia mizigo. Alizikunja zile kumi za rangi, akaongeza na makoti mawili kati ya yale manne, haki kwa haki, akazipanga sandukuni. Jioni akazikuta zimerudi kabatini, kila moja kwenye hanga yake. Kesho yake akazikunja tena. Zikarudi tena.

"Kule kuna theluji, Dada," Pui-lan akasema. "Hiki kitani nikivalie juu ya blanketi?"

Mara ya tatu Suk-ching uzalendo ukamshinda. Miaka yote hiyo ya kuchagua pamoja, na huyu anaondoka na masweta mawili ya dukani kama mtu anayekimbia moto!

"Wee Lan, sema ukweli tu. Hutaki kitu cha hapa."

Pui-lan akakaa kitandani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Anayehama ndiye anayebeba nguo zake. Mimi naenda kulea mjukuu, sijahama. Nikizitoa hizi, kabati litakuwa lako peke yako, na mimi nitakuwa mgeni hapa. Sitaki kuwa mgeni kwako."

"Utarudi lini?"

"Sijui. Mwaka, labda miwili. Lakini nitarudi."

"Zitaota kuvu."

"Basi zivae wewe."

"Mimi? Mtu mzima na mvi zangu, nitoke nimevaa manjano?"

"Kila siku kumi, Dada. Sheria uliiweka wewe."

Suk-ching alinuna mpaka usingizi ukamchukua.

Pui-lan aliondoka Alhamisi. Siku tisa dada mtu alivaa kijivu na nyeusi, na ule upande mwingine wa kabati hakuugusa. Siku ya kumi asubuhi alimwaga maji yaliyojaa kwenye mashine ya kukausha hewa, akafungua kabati, akazipitia hanga za upande ule moja moja. Kisha akatoa blauzi ya manjano. Ilimbana mabegani. Alishuka ngazi zote akiona haya.

Mlangoni Bi Tso, muuza maziwa ya soya ambaye macho yake siku hizi hayaoni vizuri, alikuwa anamimina kikombe cha mteja.

"Ah, Bi Lan," akasema. "Siku nyingi. Dada yako hajambo?"

Suk-ching akafungua kinywa amsahihishe. Badala yake akainyoosha ile blauzi mabegani.

"Hajambo," akasema. "Yupo tu. Ananisubiri nirudi."