Chef de gare wa Kalundu

Gaspard wa Kalundu minye nilimujua kuliko bibi yake, na hapa Uvira hakuna muntu wa kunibisha. Alikuwaka mwembamba, magoti kama ya mbuzi, viatu hana, baskeli moja ya zamani tu. Lakini jina? Chef de gare, mukubwa wa stesheni ya train!

Gare gani? Train ya Wabeleji ilikufaka mbele ya indépendance. Ilibakia nyumba ya kungojea, bila mulango, mbuzi ndani. Gaspard akafukuza mbuzi, akaingia yeye.

Ila kazi aliijua. Bato ya ziwani ikifika, abiria iko na mizigo, na camion, malori ya kwenda vijijini, zinasimamaka mbali, kule sokoni. Gaspard akatupanga siye wa kubeba watu na baskeli: mugonjwa wa hospitali ya Lemera anatangulia, wa Bwegera na wa Luberizi wanaenda pamoja, maana camion yao ni moja, mwenye ndagala, samaki wadogo, anafunga mustari, juu ya harufu. Hakuna kupigana, hakuna kuachwa.

Sheria moja tu: usiposema "Chef de gare, bonjour!" baskeli hupati.

Siku moja Mama Kankindi, mujane wa Luberizi, alisema tu: "Gaspard, jambo."

"Gaspard ni jina ya mama yangu kuniita. Tembea, mama, barabara iko ya bure."

Akatembea na gunia ya ndagala kichwani, camion ikamuacha, akalala inje na mvua. Tulicheka mpaka machozi! Tangu pale akashika adabu.

Mwaka wa sitini na ine rebelle, waasi wa serikali, wakaingia. Walikuwa wanatafuta machef: wa posta, wa kodi, wote. Waliwapelekaka kwenye daraja, na hakuna mwenye alirudi. Asubuhi moja wakatusimamisha pale gare.

"Chef iko nani hapa?"

Gaspard akaonyesha miguu yake, matope na vidonda.

"Baba, minye ni musukuma baskeli. Chef gani anakosa viatu?"

Commandant wao akacheka, akamupiga kofi ya mugongo. "Toka hapa, weye mbuzi."

Gaspard akashika baskeli yake. Alikuwa amepona.

Na bato ikafika. Wa kwanza kushuka, Mama Kankindi. Bunduki hakuziona, aliona baskeli. Akatua gunia, akapiga goti, sauti ya kanisa:

"Chef de gare, bonjour!"

Commandant akageuka. "Nani?"

"Si ni huyu hapa! Chef wetu. Bila yeye hakuna muntu anafika."

"Mama," Gaspard akasema pole pole, "niite Gaspard."

"Aa-aa, papa! Leo huniachi."

Wakamufunga mikono, wakamukalisha nyuma ya baskeli yake mwenyewe. Wakauliza nani anakanyagaka mbio. Ni nani mwingine? Wote wakanionyesha minye.

Kwenye njia ya daraja Gaspard alisema neno moja tu, kwenye mugongo wangu: "Polepole."

Na kule nyuma Mama Kankindi alikuwa analalamika, gunia kichwani: "Ona huyu! Nimemusalimia vizuri, na baskeli anapanda yeye!"