Mate ya Mbwa wa Jirani

Nilimwogopa mbwa yule, na nilimpenda. Hadi leo sijui kipi kilitangulia.

Tulikuwa Mkoani, Waingereza wakikaribia kufungasha virago waondoke, na jirani yetu alikuwa mhandisi wa Kizungu aliyekuja na mbwa wake kutoka kwao. Mbwa mkubwa kama ndama, kifua kipana, mashavu yakining'inia, uso mweusi kama masizi. Watu walimpitia mbali. Mimi nikienda kisimani nilizunguka makusudi nipite penye ua wake wa waya. Akiinuka, taratibu, nilirudi hatua moja, lakini macho yangu hayakubanduka kwake. Angeweza kunivunja, wala hakuwa na haja ya kubweka!

Siku moja nilipenyeza mkono. Akauramba mpaka kiwikoni.

Kwa dini yetu mate ya mbwa ni najisi, hukoshwa mara saba, moja kwa udongo, ndipo sala isihi. Lakini mwanamke akionekana kisimani anajisugua udongo mkononi, nani asingejua? Nikajimwagia maji mara moja tu, nikaondoka. Kesho yake nikarudi tena. Nikafanya hivyo miezi.

Na mkono huo huo ndio uliomtawadhisha mavyaa, mama wa mume wangu, kila sala. Alikuwa kikongwe asiyeona vizuri. Akijua, angejiona ana deni la sala za miezi yote ile, na mgongo wake ule. Nami nikammiminia maji hivyo hivyo.

Alasiri moja mbwa akakata waya, akanifuata hadi uani kwetu. Wanaume wakaja mbio na mapanga. Nikamkumbatia shingo nikipiga kelele wasimkate, mate yake yakinichuruzika mkononi mbele ya watu wote. Mhandisi akaja kumchukua.

Mavyaa hakunikaripia. Aliagiza udongo, akaniosha mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Alipofika saba hakuuachia mkono wangu.

"Mwanangu, n'ambie kweli. Ni leo tu, ama wamgusa siku zote weye?"

Nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mbwa.

"Leo tu, mama."

"Alhamdulillahi. Basi sala zangu zi salama."

Akanyoosha viganja nimtawadhishe. Nikammiminia. Alifariki mwaka uliofuata, akiwaambia watu kwamba mkwewe hajui uongo, na mimi kila nikitawadha namwogopea yeye, na najiogopea mimi.