Karabai Kichwani mwa Budhni Devi

Budhni Devi alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya wasichana mjini Darbhanga, na kwa miaka tisa alificha jambo moja: kwamba kabla ya hapo alikuwa akibeba taa kwenye maandamano ya harusi za watu. Karabai kichwani, mwendo mrefu, mbele ya bwana harusi aliyepanda farasi na wapiga tarumbeta wasiojua wimbo. Miaka kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza jina. Wakifika getini, wageni waliingia kula. Wabeba taa walibaki nje na shingo zao zinazouma. Shuleni alijua wasichana walivyo na midomo, basi akafyata ulimi.

Januari ile ukungu ulitanda wiki nzima. Siku ya mtihani wa vitendo, msimamizi kutoka mji mwingine aliketi amejifunika shali hadi masikioni, na kila msichana akaokota kikaratasi kujua jaribio lake. Kumkum, binti wa fundi cherehani, aliangukiwa na usanisinuru: aweke magugu ya bwawani chini ya faneli ndani ya bika la maji, kisha ahesabu viputo vya oksijeni kwa dakika, mwanga ukiwa karibu na ukiwa mbali. Magugu Budhni aliyatoa bwawani mwenyewe asubuhi, vidole vikimfa ganzi. Yalikuwa mabichi, hayana kasoro. Kilichokosekana ni jua, na umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Kumkum aliliweka bika kwenye rafu ya juu dirishani, akapanda stuli, akakodoa macho nusu saa. Hakikutoka kiputo hata cha kusingizia.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na treni ya saa tisa. Akasema bila hesabu hakuna alama, na bila alama hizo msichana ameanguka sayansi. Kumkum hakulia, na hilo ndilo lililomuuma Budhni. Ni msichana huyu aliyekuwa akibaki kumsaidia kuosha vyombo, huku akimweleza kila jaribio kana kwamba Budhni naye angetahiniwa.

"Nisubiri, mwanangu," akasema, akatoka mbio.

Mwenye duka la kukodisha taa za harusi, nyuma ya soko, alimtambua papo hapo.

"Nani anaoa mchana kweupe hivi, shemeji?"

"Magugu," akajibu Budhni. "Nipe ile isiyotoa moshi, na maneno yako baki nayo."

Akarudi akikatiza uwanja wa shule, karabai ikiwaka kichwani, madirisha yote yamejaa macho. Kuna aliyecheka na kuuliza bwana harusi yuko wapi. Budhni aliona aibu, tusidanganyane, lakini hakupunguza mwendo.

Kulishusha bika kungeyatibua magugu, na maabara haikuwa na kitu chochote cha kimo cha rafu ile cha kuwekea taa. Mwalimu Ushakiran, aliyewafundisha sayansi, akaanza kuhangaika na viti.

"Acha viti, mwalimu," Budhni akasema. "Nitasimama mimi. Kumkum, niambie tu wapi."

Akasimama karibu kabisa na bika. Kiputo kimoja kikapanda, kikafuata kingine, halafu vikafuatana mfululizo. Arobaini na kimoja kwa dakika. Hatua moja nyuma: kumi na tisa. Hatua mbili: vinane. Mwali haukucheza, kwa kuwa shingo ile haikucheza. Budhni alivitazama viputo akashukuru kimoyomoyo kwa ile miaka kumi na mmoja, ambayo hakuwahi kuishukuru hata siku moja.

Msimamizi alipokwisha kutia sahihi, Mwalimu Ushakiran alimwita Budhni, asiyejua kusoma, akamwonyesha daftari la Kumkum, mahali palipoorodheshwa vifaa. Alimsomea akipitisha kidole: bika, faneli, magugu, saa, karabai. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine.

"Ameandika hivi: 'Taa ilishikwa na Budhni Devi, bila kutikisika.'"

Budhni akaomba asomewe tena, hapo penye jina tu.