Nilivyounganisha kompyuta ya Kahama na mashine ya chuo kikuu kupitia duka la misumari

Wakuu, heshima zenu.

Kisa hiki ni changu mwenyewe. Sijapamba kitu, na pale nilipoonekana mjinga nimepaacha palivyo. Nimeusoma uzi huu mara saba kabla ya kuubandika. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini niko hivi.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili kutoka Kolandoto, nimechukuliwa kwa majaribio ya wiki sita kwenye ofisi ndogo ya utafiti pale Nyasubi, Kahama.

Bosi wangu, Dokta Masanja, alikuwa anapima maji ya visima na mito kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wachimbaji wanatumia zebaki kuoshea dhahabu, na watu wanakunywa maji hayo hayo. Vipimo vilikuwa vingi kuliko uwezo wa kikompyuta chetu.

Ndipo ukaja mpango. Chuo kikuu kimoja Dar kilikuwa na mashine kubwa, na vituo vya utafiti nchi nzima vingeitumia kwa zamu kupitia simu. Zamu yetu ilikuwa Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi.

Kazi yangu ilikuwa moja tu: faili la vipimo lifike Dar. Likifika, naajiriwa. Wiki sita zikiisha halijafika, narudi Kolandoto na begi langu.

Sasa niungame. Niliwaambia nimesomea kompyuta Mwanza na cheti kiko njiani. Hakukuwa na cheti wala njia. Nilijifunza mwenyewe kwa kitabu cha maelekezo kisicho na jalada, kilichoanzia ukurasa wa thelathini na moja. Kila kilichonishinda, niliamini kimeelezwa kwenye zile kurasa thelathini zilizopotea.

Ofisi haikuwa na simu. Simu ya karibu ilikuwa dukani kwa Mzee Jayanti, Mhindi aliyeuza misumari, bati na makoleo ya wachimbaji. Alitupa nusu ya kaunta yake, tukaweka kompyuta katikati ya mizani na kopo la gundi.

Modemu yetu ilikuwa ya kizamani. Ina vikombe viwili vya mpira, unalaza mkono wa simu humo, basi inapiga filimbi ndani ya simu na mashine ya Dar inajibu kwa filimbi. Ukishaulaza, wewe husikii tena chochote. Unatazama skrini tu.

Na Kahama ya wakati huo hupigi simu ya mbali mwenyewe. Unaomba posta, opereta anakuunganisha. Mzee Jayanti ndiye aliyeomba laini. Akisikia filimbi ananikabidhi mkono wa simu, mimi naulaza.

Mimi mwenyewe sikuwahi kupiga simu ya mbali maishani. Kwetu tuliandika barua. Kumbukeni hilo.

Faili lilihitaji dakika kumi na moja. Jumanne ya kwanza, dakika ya tatu, skrini ikatapika mstari wa herufi za ajabu. Laini ikafa.

Ijumaa, hivyo hivyo. Dakika ya tatu, takataka, kimya. Ukikatika unaanza upya, maana mashine ya Dar ilitaka faili zima kwa mkupuo.

Nilinunua daftari. Kila mstari wa takataka niliunakili kwa mkono, herufi kwa herufi, nikauwekea namba. Niliona inafanana fanana. Nikajua kuna siri. Nikawa nalala na daftari chini ya mto.

Nilimwandikia barua fundi wa chuo. Baada ya wiki akajibu: "Upande wetu mashine ni nzima. Tafadhali mwambie mtu aliye karibu na simu yako asiongee."

Wakuu, neno hilo nililichukulia kwa uzito wote.

Nilifunika modemu kwa blanketi. Haikusaidia. Nikaleta gunia la pamba, nikaizika modemu humo ikabaki waya tu. Nikamwomba Mzee Jayanti azime feni. Nikapiga marufuku maongezi dukani kuanzia saa nne hadi saa nne na robo.

Mzee Jayanti alikuwa muungwana kupita kiasi. Alipima misumari mmoja mmoja ili isigonge mizani. Wateja waliingia kwa kunyata. Waliopita barabarani wakaanza kutupa pole.

Siku moja mchimbaji mmoja mwenye vumbi la duara, yaani shimo la dhahabu, hadi kwenye kope aliingia kununua koleo. Akaona gunia la pamba, watu wameinamisha vichwa. Akavua kofia.

"Mgonjwa anaendeleaje?" akanong'ona.

"Dakika mbili za kwanza huwa hajambo," Mzee Jayanti akamjibu. "Ya tatu ndiyo mbaya."

Ya tatu ikafika. Takataka, kimya. Mchimbaji akaniambia, "Pole, dada. Mungu ndiye apangaye." Akaondoka bila koleo.

Wiki ya sita ikaingia. Jumanne yake ikafeli, ya kumi na moja kufeli. Dokta Masanja hakunigombeza. Alisema tu, "Ijumaa ndiyo mwisho, binti. Ikishindikana nitaomba mtu kutoka Dar." Nilitamani anigombeze.

Alhamisi nilikuwa dukani nalikagua gunia, akaingia mama mmoja mnene, mtaratibu, kutaka misumari ya bati. Mzee Jayanti akamwamkia, akamwita Mama Kulwa. Alikuwa opereta wa simu pale posta.

"Mzee Jayanti, nikuulize bila ugomvi," akasema. "Hao watu wako wa Jumanne na Ijumaa wamelelewa wapi?"

"Watu gani?"

"Hao wanaopiga filimbi. Dakika tatu zikiisha, sheria inataka niingie kwenye laini niulize kama mnaendelea. Naingia kwa adabu: dakika tatu, mnaendelea? Wananipigia makelele. Nikasema labda Kiswahili hakipandi. Ijumaa mbili nikawaamkia Kisukuma, mwangaluka. Makelele. Mtu asiyeitika salamu mimi laini simwachii. Nachomoa."

Nilikaa juu ya gunia la pamba.

Nikafungua daftari. Kweli, Ijumaa mbili mstari ulikuwa mrefu zaidi. Ile ilikuwa mwangaluka.

Nikamgeukia Mzee Jayanti. "Mzee, hukujua kuhusu dakika tatu?"

"Nitajuaje? Jambo lisiloisha kwa dakika mbili mimi naandika barua."

Nilimweleza Mama Kulwa kwamba pale hakuna watu, ni mashine mbili. Akanitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Nikamwomba asiulize tena. Akakataa. Sheria ni sheria, na bosi wake anakagua.

"Lazima mteja ajibu," akasema.

"Mteja amelazwa kwenye mpira, mama. Nikimwinua, laini inakufa."

Akafikiri huku anachagua misumari. Kisha akasema, "Sheria inasema nimuulize mteja. Haijasema awe amesimama wapi. Kesho njoo dirishani kwangu."

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Maana yake nilaze mkono wa simu, halafu niiache mashine na skrini na maisha yangu yote mikononi mwa muuza misumari. Mimi ambaye nilikuwa siwezi kuacha soksi nilizoanika bila kurudi kuzitazama.

Ijumaa, saa nne. Filimbi ikalia, nikalaza simu, nikafunika pamba. Nikamwambia Mzee Jayanti asiguse kitu hata ikitoka moshi. Nikakimbia posta.

Nilifika nahema. Mama Kulwa kwanza akasubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dakika tatu, mnaendelea?"

"Tunaendelea."

Akaandika. Nikashika chuma cha dirisha. Foleni ilikuwa nyuma yangu, watu na bahasha zao, hakuna aliyeelewa.

"Dakika sita, mnaendelea?"

"Tunaendelea, mama."

Kabla ya ya tisa alivua chombo chake cha masikioni, akanipitishia dirishani. Kwa mara ya kwanza nikaisikia laini yangu. Filimbi mbili, moja nyembamba, moja nzito, zinapishana bila kugombana.

"Dakika tisa, mnaendelea?"

Nililia kidogo. "Tunaendelea."

Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Hongereni."

Nilirudi dukani taratibu kwa kuogopa. Mzee Jayanti alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, hajagusa kitu. Yule mchimbaji wa koleo alikuwepo, kofia mkononi. Skrini ilikuwa na mstari mmoja wa herufi safi kutoka Dar: faili limepokelewa lote.

"Amepona?" mchimbaji akauliza.

Dokta Masanja alipofika nilimweleza yote, na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikamweleza na habari ya cheti. Akacheka polepole.

"Binti, mimi nimesoma mpaka shule zikaisha, na sijui hiyo kompyuta inawashiwa wapi. Cheti chako ningekitumia kufanya nini?"

Niliajiriwa. Kwenye barua ya ajira jukumu la kwanza liliandikwa hivi: kusimama dirishani posta na kujibu. Majibu ya Dar yalirudi baadaye, na visima viwili vikafungwa kabla ya mvua.

Miaka mingi baadaye nilikipata kile kitabu kikiwa kizima. Zile kurasa thelathini ni shukrani kwa mnunuzi na picha za kufungua boksi.

Nilichojifunza: nilitafuta kosa langu wiki sita mfululizo, na muda wote huo kulikuwa na mtu mwenye adabu zake anasubiri nimjibu. Daftari bado ninalo. Mstari wa kwanza nimeuandikia tafsiri chini yake.

Kama kuna mliofanya kazi na simu za opereta enzi hizo, tiririkeni. Nitamjibu kila mmoja. Hata ukiandika takataka, nitadhani umeniamkia.