Nyuki wa Nyumba Zilizoachwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa meza wala kiti. Bwana Nyuki wa Wilaya, ndivyo tulivyomwita afisa wa ufugaji nyuki pale Arua, karibu na mpaka wa Kongo, alinipeleka nyuma ya ofisi kwenye mzinga uliotundikwa kwa waya, akaniambia niweke sikio kwenye ubao. Nilikuwa kijana, mtoto wa koplo niliyekulia kambini, nikadhani mzee ananipima uoga. Ndani kulikuwa na sauti kama ya sufuria inayokaribia kuchemka.

"Hii kundi iko na malkia," alisema. "Malkia ikikufa, inalia namna ingine. Wewe sikia kwanza, halafu ndiyo fungua."

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 1979. Alinifundisha kuwasha bomba la moshi kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, maana moshi wake ni wa polepole na haumchomi nyuki. Alinifundisha kutambua asali iliyoiva: sega lake limezibwa juu kwa nta nyeupe, na ukilitikisa halidondoshi. Lililo wazi bado ni maji ya maua, ukilivuna litachacha. Sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki, haliguswi. Hatukuwalisha sukari, wala hatukujua dawa yoyote. Siafu tuliwazuia kwa majivu, na asali tuliichuja kwa kitambaa bila kuipitisha motoni.

Kisha nikapelekwa Koboko kuwa msaidizi wa nyuki wa eneo lote lile, na baiskeli moja. Kazi ilifuata majira. Kiangazi kikikaza, nyasi zimeshaungua, miti ya shea, ile yenye mbegu za mafuta, hutoa maua, na nyuki hujaza masega mpaka mvua za kwanza. Hapo tulivuna. Mvua zikizidi tuliwaachia akiba yao waile. Ufuta ukichanua, kulikuwa na mavuno mengine madogo kabla ya kiangazi kurudi.

Mavuno hayo madogo ya mwaka ule sikuyaona. Vita ya kuiangusha serikali ilifika kwetu, na Bwana Nyuki akapotea. Mpaka leo sijui alikoishia. Nilikuwa nimeoa karibuni, mke wangu Zubeda, binti wa Koboko. Tulikimbia na watu wengine kuelekea Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Kaka yake alitangulia na baiskeli yangu, amefunga godoro letu nyuma. Tulimkuta barabarani amepigwa risasi, godoro bado limefungwa. Tukamzika kando ya njia kwa jembe la kuazima. Zubeda hakulia. Alikalia lile godoro mpaka tulipomaliza.

Tuliishi Ariwara, mji wa soko ng'ambo ya mpaka, miaka mingi. Mimi nilifuga nyuki katika mizinga ya magogo kwa ajili ya wenyeji, yeye alianza na mandazi sokoni, baadaye akauza vitenge. Mungu hakutujalia mtoto. Amani iliporudi, ofisi ya Arua ikafunguliwa tena, wakaniita. Zubeda alisema nitangulie, naye atafuata mvua zikikatika.

Koboko niliyoikuta sikuijua. Nyasi zilikuwa zimepita kimo cha mtu, njia zimezibwa, mabati yameng'olewa. Lakini nyumba hazikuwa tupu. Nyuki walikuwa wameingia. Walijenga ndani ya kuta zilizopasuka, ndani ya maghala, hata ndani ya ngoma kubwa ya kanisa. Watu waliokuwa wanarudi na mizigo kichwani walifika mlangoni kwao wakafukuzwa.

Chifu aliniita. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na mbele yake palikuwa na kopo la dawa ya kuua wadudu wa tumbaku.

"Mutu yangu nalala nje na watoto," alisema. "Kesho tutapulizia hii. Iko namna ingine?"

Nilimwambia ipo, ila ni ya taratibu. Nilimweleza kwamba dawa ile ikiingia ukutani haitoki, na watoto hao watalala nayo. Na nyuki wakifa, ufuta watakaoupanda utazaa kidogo. Akalisukuma kopo chini ya meza. Akasema nifanye upesi, kabla mvua hazijaharibu mizigo ya watu.

Basi nikaanza, nyumba moja baada ya nyingine. Jioni, nyuki wote wakisharudi, nilipuliza moshi, nikabomoa udongo, nikakata masega yenye majana na kuyafunga kwa kamba za migomba kwenye vijiti vya mzinga mpya. Kisha nilimtafuta malkia. Ukimpata na kumwingiza, wengine husimama mlangoni, mikia juu, wanapunga mabawa kuwaita wenzao kwa harufu, na kundi zima huingia kama maji kwenye mtungi. Nilifunga mlango kwa nyasi, nikabeba mzinga kichwani mpaka kilimani.

Katika kila nyumba niliyoimaliza uliwaka moto wa kupikia. Nilisikia watoto wakiitwa kula, harufu ya ugali wa muhogo ikanifikia njiani. Mimi nilihamia nyumba nyingine iliyo tupu, maana nililala pale pale palipokuwa na kazi. Hakuna aliyeninyima chakula. Lakini mtu anayenuka moshi na amechomwa usoni hakaribishwi kukaa barazani. Walinishukuru, wakafunga mlango.

Ni mmoja tu aliyekataa kazi yangu. Mama Yunia, mjane, alirudi peke yake. Wanawe wawili walibaki Sudani, hana habari zao. Kundi lilikuwa ndani ya ukuta wa chumba chake, karibu na kitanda. Nilipowasha bomba alinishika mkono.

"Wacha hawa," alisema. "Nyumba iko kimya sana. Hawa naongea kidogo."

Nikaziba tundu la ndani kwa udongo, nikawaachia mlango upande wa nje. Nilipita kumsalimu mara kwa mara, tukakaa, kila mmoja akisikiliza ukuta.

Mvua zilikatika, Zubeda hakuja. Kiangazi kikapita na maua yake. Baada ya mavuno nilimfuata Ariwara na debe la asali. Alinipikia, akaniwekea maji ya kuoga, na tulipokwisha kula akaniambia.

"Ile barabara imekula ndugu yangu. Siwezi kupita juu yake kila siku ya soko, niseme habari za asubuhi."

Nikamwambia barabara siku hizi ni salama.

"Najua. Bakia hapa basi. Nyuki iko hapa pia."

Alisema kweli, nyuki walikuwepo. Lakini kule kulikuwa na watu bado nje ya nyumba zao, na nilikuwa nimempa chifu neno langu. Nilimweleza hivyo. Hakunigombeza. Asubuhi alinisindikiza mpaka mwisho wa soko, akasimama pale. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama.

Nyumba za Koboko zilijaa watu, na mizinga ikajaa kilimani. Kila mavuno nilichuja chupa moja ya asali nyeupe ya shea, nikamtumia Zubeda kwa mkono wa wachuuzi wa Ariwara. Chupa ilirudi imeoshwa, mdomo umezibwa kwa kitambaa kikavu kuzuia wadudu. Maneno hayakuja. Mara moja moja nilikwenda mwenyewe, tukala, nikarudi. Katika miaka ya tisini serikali ilipunguza wafanyakazi, nikastaafishwa. Afisa mpya alinipa mkono na kunishukuru mbele ya watu. Kesho yake niliamka na kwenda kilimani kama kawaida, kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda.

Ndipo mchuuzi mmoja aliponiletea habari kwamba Zubeda aliugua siku chache, akafariki. Nilifika akiwa ameshazikwa. Uwanja wake ulikuwa umejaa wanawake wa sokoni nisiowajua. Mmoja, mtu mzima wa Kongo, aliniuliza mimi nani. Nilipomwambia natoka Koboko, alisimama.

"Wewe ndiye mutu wa asali," alisema. "Kila mara chupa ikifika alituita sisi wote, anatupa kidogo kwa kijiko. Anasema, muonje kwetu."

Akanivuta nikae kwenye mkeka wa wafiwa, mahali pa mwenye nyumba, na wale wanawake wakaja mmoja mmoja kunipa pole. Niliketi pale mpaka siku za matanga zikaisha. Sijapata kukaa na watu wengi hivyo tangu nianze kazi.

Kisha nikarudi Koboko kwa miguu, kwa ile ile barabara. Mahali alipolala shemeji yangu nilisimama, nikang'oa nyasi, nikamwambia kwamba dada yake amepumzika.